Milango ya Kilimani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Shemeji hajambo? Na wale wapwa zangu watundu, bado wanapigania kiti cha dirishani? Huku sisi wazima, ila mikono yangu inanuka gundi hata nikila. Kazi ni nyingi mno. Ningesema tunashukuru, lakini soma kwanza.

Tangu mwaka uanze, watu wa kilimani kwetu wananiita kwa jambo moja tu: mlango haufungi. Leo kwa mshona nguo, kesho kwa mwalimu mstaafu, keshokutwa kwa yule jirani tuliyempa jina la Redio kwa maneno yake mengi. Napiga randa ubavu wa mlango, unafunga, naondoka. Baada ya muda unakwama tena. Nikawa nawaambia mbao zimevimba kwa unyevu, wakaniamini, nami nikajiamini. Hata kiangazi kilipokolea na milango ikazidi kukwama, sikujiuliza. Riziki ikibisha hodi, nani huiuliza ilikotoka?

Jumapili alasiri walikuja vijana wa mazingira. Walitundika shuka jeupe katika ukumbi wa mtaa, wakaziba madirisha kwa mablanketi, wakatangaza filamu fupi, bure kwa kila mtu. Ukumbi ulijaa. Wengi walidhani ni za ngumi. Redio alikuja na mto wake wa kukalia. Ya kwanza ilihusu mifuko ya plastiki mitaroni, ya pili nyuki. Watu wakaanza kupiga miayo.

Ya tatu ilihusu kilima cha mbali kilichokatwa miti yote juu, kama chetu. Bibi mmoja alieleza kwamba kabla udongo haujaporomoka, milango ya nyumba zao iligoma kufunga, kwa kuwa ardhi ilikuwa inasogea polepole na kuzivuta nyumba. Akasema walimwita fundi, naye akaichonga milango. Hapo watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika, na katika lile giza nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja kunitazama. Sijawahi kuogopa vile, dada.

Filamu iliisha kwa matope matupu, pale palipokuwa na nyumba. Hakuna aliyepiga makofi.

Kesho yake nilichukua timazi, ile kamba yangu ya kupimia wima, nikapita nyumba kwa nyumba. Fremu zote zimelalia upande mmoja, wa bondeni, na ya Mama ndiyo iliyolala kuliko zote. Mwenyekiti wa mtaa alisema filamu ni filamu tu, atawauliza wakubwa. Mwalimu mstaafu alihamia kwa mwanawe. Mama nilimsihi mpaka nikalia. Akanijibu kwamba aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi, na hatafukuzwa humo na shuka. Tena wajukuu wanakuja likizo, wamkute wapi?

Sasa nikuambie nililofanya. Nimemwambia Mama kuwa wewe ni mgonjwa, huwezi kusimama, na sauti imekauka hata kwa simu huwezi kuzungumza. Alianza kufunga mzigo kabla sijamaliza. Aliyekukabidhi barua hii ni yeye, na bahasha nimeibandika kwa gundi ya mbao kwa sababu unamjua. Kama amekukuta umesimama, shika ukuta. Kisha lala. Ugua, dada yangu, ugua mpaka mvua zipite. Shemeji akusaidie, maana wewe uongo hujawahi kuuweza.

Mimi sitakuja. Randa nimeiweka chini; sasa nazunguka nikiing'oa milango kwenye bawaba, ili siku ikifika mtu asifungiwe ndani. Wengi wananikatalia, wanaogopa wezi. Redio amenikatalia bila neno, na hilo limenitisha zaidi. Mawingu yamekaa juu ya kilima tangu asubuhi.

Wabusu wapwa zangu, na likizo hii wasije. Mama yuko nje ananihimiza, anasema gari halimngoji mtu. Ameniachia ufunguo na kuniagiza nifunge nyumba vizuri kila jioni. Nimemwitikia. Sikumwambia kwamba tangu jana mlango wake haufungi tena, hata niusukume kwa bega.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi