Mtani Aliyemzika Baba

Kambi ya Waliohama,
Sekta ya 6, Kaya.
14 Februari 2023

Mpendwa kaka Lamoussa,

Salamu nyingi zikufikie huko Gagnoa, wewe, wifi Korotimi na watoto. Afya zenu zikoje? Kile kifua chako kimepona? Na kakao imezaa vizuri mwaka huu? Mimi na wanangu ni wazima, ila mdogo alisumbuliwa na macho kwa vumbi la hapa. Sasa anaona.

Barua hii anakuletea dereva mmoja wa lori la vitunguu. Mnara wa simu wa kwetu ulilipuliwa mwaka jana, na hata nilipofika huku nikaazima simu, nilikupigia mara mbili nikashindwa kusema. Uliniuliza, "Baba hajambo?" nikajibu mtandao mbaya, nikakata. Mtandao haukuwa mbaya, kaka. Nisamehe. Baba yetu hayupo tena. Kaa chini kwanza, halafu usome taratibu.

Januari ile wanajeshi waliposhika nchi, baba alifurahi mno. Aliacha vyuma vikapoa, akakaa na redio siku nzima. Alisema sasa wamekuja wanaojua bunduki, tutalala usingizi. Miezi minane baadaye wakaja wanajeshi wengine wakawatoa wale. Baba alisikiliza hotuba mpaka mwisho, akasema, "Huyu naye anasoma karatasi ileile," akaizima redio. Hakuiwasha tena. Wakati huo barabara ya kuja kwetu Tamsilga ilikuwa imekwisha fungwa, na watu wa msituni walikuwa wakichoma vijiji vya jirani.

Mdogo wetu Tilado alijiunga na vijana wa ulinzi. Sikumlaumu. Soko letu lilikuwa limeshambuliwa, tukazika watu kumi na mmoja, na kila nyumba ilitoa kijana wake. Lakini hasira ya vijana hao iliwageukia Wafulani wa kule kisimani, ati ndio wanaowaonyesha wauaji njia. Watu ambao mimi na wewe tumekua kwa maziwa yao!

Asubuhi moja wakaja kumchukua Mzee Hama. Alikuwa karakanani kwa baba, ameketi kwenye kile kigogo chake, wanatukanana kama kawaida yao. Unajua hakuna siku mhunzi na Mfulani walikutana bila utani. Vijana walikuwa tisa. Tilado alisimama nyuma yao, macho chini. Mimi nilikuwa uani napepeta uwele, niliona yote.

"Mzee, tunamtaka huyo Mfulani," alisema kiongozi wao.

Baba aliendelea kugonga jembe. "Huyu? Huyu ni mtumwa wangu, nimeachiwa na babu. Nani kawaambia mtumwa wa mhunzi anachukuliwa asubuhi, hata uji hajanywa?"

Mzee Hama hakuinuka kigogoni, akajibu, "Mtumwa ni wewe, mla mkaa mkubwa! Mimi nimepita tu kuangalia mali yangu kama bado inapumua."

Kijana mmoja akacheka, hakuweza kujizuia. Wa pili naye akacheka. Kiongozi akafoka, "Mzee, usituchezee!" Hapo baba akaweka nyundo chini.

"Tilado," akaita. "Pita mbele. Kama ni kazi ya leo, anza na mimi."

Tilado akalia, kaka, akalia mbele ya wenzake na bunduki begani. Wakaondoka mmoja mmoja. Mchana huohuo Mzee Hama alipakia wajukuu kwenye mkokoteni wa punda, akaelekea kaskazini. Baba alimsindikiza mpaka kisimani akimtukana njia nzima, kisha akarudi akajifungia.

Haukupita mwezi, watu wa msituni wakatuma neno: siku tatu, mji uwe mtupu. Kila mtu akafunga mizigo. Baba akakataa. Nilimpigia magoti, Tilado akampigia magoti. Akasema, "Mama yenu kazikwa hapa. Niende Kaya nikawaulize watu choo kiko wapi?" Nilimwachia debe la uwele na mitungi miwili ya maji, nikabeba watoto. Tulitembea siku nne. Nilikuwa nageuka nyuma kila mara, mpaka Tilado akaniambia nisigeuke.

Wiki sita baadaye Mzee Hama akaja hapa kambini, amekonda, miguu imepasuka. Watu walimkamata penye bomba wakaanza kumpiga. Tilado ndiye aliyemkinga kwa mwili wake, akamleta kwenye turubai letu.

Alikuwa amesikia Tamsilga imehamwa na mhunzi amebaki. Akarudi kumtafuta, peke yake. Alimkuta karakanani ameegemea ukuta, hana jeraha lolote, amekwisha kufa. Uwele haukuwa umepungua sana. Akamwosha, akachimba kando ya kaburi la mama kwa jembe ambalo baba mwenyewe alilifua.

Na alipomaliza kuchimba, akafanya kama watani wanavyofanya: akaingia kaburini, akalala, akatangaza kuwa hatoki mpaka wafiwa wambembeleze. Akangoja. "Hapakuwa na mtu, mwanangu," aliniambia. "Nilingoja mpaka jua likanifika usoni. Nikatoka mwenyewe. Aibu gani ile."

Tilado aliposikia hayo alipiga magoti akamshika miguu. "Toka, baba," akasema. "Toka, tunakuomba. Tuachie mzee wetu apumzike." Aliyarudia maneno hayo mpaka sauti ikakauka. Mzee Hama akamwekea mkono kichwani. "Mtoto wa mtumwa," akamwambia, "umechelewa, lakini nimetoka." Tukalia sote watatu, ndiyo matanga pekee aliyoyapata baba.

Mzee Hama aliondoka siku ya tatu kufuata wajukuu wake mpakani. Sijasikia habari zake tangu hapo. Tilado amerudisha bunduki. Wenzake wanamwita mwoga, naye anafyatua matofali ya udongo kutwa.

Kaka, usije. Barabara inakula watu, na huko kwetu hakuna mlango wa kubisha. Fanyeni matanga hukohuko. Lakini nakuomba jambo moja: mtafute Mfulani yeyote hapo Gagnoa, hata kama hamjuani, mwalike nyumbani, mwambie mhunzi amekufa. Mwache awatukane nyote mpaka achoke, na ninyi mumbembeleze sana.

Msalimie wifi Korotimi, umbusu Ousséni na mdogo wake, na shangazi Pabèga mpe habari hii kwa upole, moyo wake si mzima. Tilado anakusalimu. Mungu awafunike huko mliko, na awalinde na hotuba za redio.

Dada yako akupendaye na kukukumbuka daima,
Yempoko