Jumanne Sita za Baba

Mpendwa Kaka,

Nakujulia hali, wewe, wifi na wale mapacha. Mgongo wako umetulia? Sisi huku hatujambo, na safari hii sisemi kwa adabu tu: hatujambo kweli, Baba akiwa wa kwanza. Juzi aliing'ang'ania simu, ukaambulia vicheko bila habari. Ndiyo maana naandika.

Unajua tulikoanzia. Baba ana miaka themanini na sita, moyo wenyewe dhaifu, magoti hayaelewani, kisha akaanza kukojoa damu. Alinificha wiki tatu, akifua nguo zake mwenyewe, mpaka nilipoziona shuka. Hospitali walichungulia kibofu kwa kamera nyembamba, wakakuta uvimbe wa saratani. Daktari wetu, mama mpole asiyemung'unya maneno, alisema mwili wa Baba hautahimili upasuaji wa kuondoa kibofu. Lakini wazee dhaifu kama yeye hupewa mionzi kwa awamu fupi, mara moja kwa wiki, kwa wiki sita. Tukapangiwa Jumanne.

Kaka, ungecheka. Kabla ya kuanza walimtia vidoti vya wino nyongani, ili mashine ilenge palepale kila mara. Baba, fundi cherehani wa miaka hamsini, alijitazama akasema hawa nao ni mafundi, wanatia alama kabla ya kukata. Mtaalamu wa mashine akamweleza kwamba hakuna kukata wala maumivu, alale tu kimya dakika chache. Baba akamjibu kwamba kulala kimya ndiyo kazi pekee aliyobakiwa nayo. Kila mara alitakiwa kwanza aende msalani, kibofu kiwe kitupu. Hapo alisema hajawahi kupewa sharti jepesi kama hilo.

Kilichomkera ni vazi la hospitali. Kamba za mgongoni zilishonwa ovyo, zikawa zinakatika, na wazee wenzake wakipita ukumbini wameshika makalio. Jumanne ya tatu alikuja na sindano na uzi mfukoni, akaanza kuzishona upya huku tukisubiri zamu. Nesi mkuu alikuja kukataza. Alipouona mshono, akaenda kumletea rundo zima.

Sikufichi, wiki ya nne ilitutoa jasho. Mkojo ulimchoma, tumbo likaharisha, akachoka hata kijiko kikawa kizito. Daktari akampa dawa, akasema hali hiyo itapita, na ikapita. Jumanne ya tano nilimkuta keshavaa koti, ananiuliza mbona nachelewa.

Damu ilikoma kabla mionzi haijaisha. Na wiki iliyopita, miezi mitatu baadaye, walichungulia tena: uvimbe hauonekani. Daktari hakuapa kwamba hautarudi, wataendelea kuangalia. Lakini sasa Baba anakwenda kwa kinyozi kwa miguu yake, na anarudi na umbea wa mtaa mzima.

Lipo jambo moja, Kaka. Kila ukipiga simu unanisifu, na watu unawaambia mdogo wako ndiye aliyemwokoa Baba. Sifa hiyo inanichoma. Daktari alipotaja mionzi siku ile, mimi ndiye niliyedakia, Baba amekaa hapohapo. Nilisema, "Baba amekula chumvi ya kutosha, mwacheni apumzike nyumbani." Niliiita huruma, lakini nusu yake ilikuwa uchovu wangu wa shuka na ndoo. Daktari alimwinamia Baba, akamuuliza yeye anataka nini.

Baba akasema taratibu, "Mwanangu amechoka, na ana haki ya kuchoka. Mimi bado."

Nilikaa na neno hilo moyoni wiki zote. Jumanne ya mwisho, tukiwa kwenye benchi, nikamwomba radhi. Akaniambia naye alimuuguza mama yake, na siku moja aliwaza kama mimi, ila hapakuwa na daktari wa kumsikia. Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka huku nalia.

Kwa hiyo sifa zipeleke kwa Baba mwenyewe. Na ukipata likizo, njoo uishike zamu yako. Nitakukabidhi Baba mlangoni, kisha nitalala siku mbili.

Nibusie wifi na watoto. Baba anasema mwaka huu suruali za mapacha atawashonea yeye, uandike vipimo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba