Puli ya Yustina na Neno Nililompa Deo

Jumatano, mwezi wa saba.

Baridi ya leo imeingia mpaka kwenye meno. Asubuhi majani ya bondeni yalikuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi, na upepo wa huku kwetu Ufipa haupigi hodi, unaingia tu. Nimevaa sweta mbili na kitenge juu yake, na bado nasema haya nikiwa nimelikumbatia jiko.

Kwa asiyenifahamu: shule sikuikanyaga hata siku moja. Mimi nasema kwenye simu, mjukuu wangu Agripina aliyeko Mbeya anasikiliza, anaandika na kuweka hapa mtandaoni. Nimemkataza kuninyoosha. Nikisema upuuzi, auache upuuzi. Na leo, Agripina, andika mpaka mwisho kabla hujampigia mjomba wako Deo.

Nina jambo la kukiri.

Wiki tatu zilizopita niligawa kitu ambacho mwenzangu alikuwa anakitolea jasho.

Kitu chenyewe ni mashine yetu ya kusaga. Ilikuwa ya mwanangu mkubwa, Kristofa. Alipofariki mwaka jana, mkewe Yustina alikaa siku nane, siku ya tisa akafunga kilemba, akaingia kibandani na kuwasha injini. Watu wakasema hana machozi. Mimi nilimwona kwa karibu. Alikuwa analia, ila unga ulikuwa unayakausha.

Na niseme ukweli mwingine ambao kwetu tuliufunika. Kristofa alijua kuiwasha mashine na kuizima, Mungu amrehemu. Ikiharibika, aliyelala chini yake na spana alikuwa Yustina. Sisi tulikuwa tunamsifu mume.

Sasa shida ya mashine ni hii. Mahindi yanataka kasi. Lakini kimea, yaani ulezi uliooteshwa kwa ajili ya pombe, kinataka upole. Ukikisaga kwa kasi ya mahindi unga unatoka wa moto, unanukia kama bisi, na kimea kilichoungua kimekufa. Utakoroga, utafunika, utangoja, pombe haitaamka.

Mtu atasema, si upunguze mafuta kwenye injini? Jaribu uone. Injini yetu ukiipunguzia inakohoa, na ukimwaga debe la pili inazima. Kwa hiyo Yustina alikuwa na puli mbili. Puli ni lile gurudumu la chuma kwenye injini linalovuta mkanda, na mkanda ndio unaozungusha kinu. Puli ikiwa kubwa, kinu kinakimbia. Ikiwa ndogo, kinu kinatembea. Kutoa moja na kuvalisha nyingine ni kugonga nyundo nusu ya asubuhi, kwa hiyo wanawake wenye kimea walikuwa wanaambiwa waje Alhamisi tu. Mwezi wa tano puli ndogo ilichoka kugongwa, ikapasuka.

Mwezi uliofuata tukataka kumaliza msiba wa Kristofa. Kumaliza msiba bila pombe ya ulezi ni kama kumwambia marehemu akae mlangoni. Yustina akasema, "Mama, tusubiri nipate puli ndogo, kimea kitaungua." Mimi nikasema, "Saga hivyo hivyo. Nimepika pombe kabla mama yako hajazaliwa."

Akasaga hivyo hivyo.

Siku ya kuonja, wazee wa ukoo waliinamia mtungi, wakainua vichwa, wakatazamana. Haikuwa tamu, haikuwa kali. Maji ya unga. Msiba haumalizwi kwa maji ya unga, tukaahirisha. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba marehemu amekataa. Nilimjibu kwa Kifipa, maneno ambayo Agripina hana herufi zake.

Nilijua kosa lilikuwa langu. Lakini aibu ikishapanda kichwani inatafuta mtu wa kumwangukia. Jioni ile ile Deo alipiga simu kutoka Kasesya. Huyu ni mwanangu wa pili, ana duka pale mpakani, na tangu mazishi alikuwa ananiimbia wimbo mmoja.

"Mama, mashine hapo kwenu inaozea. Huku malori yanalala foleni, watu wanataka kula, unga unagombewa. Shemeji ni mwanamke, ataiweza wapi?"

Nikasema, "Njoo uichukue."

Maneno mawili. Mashine ilinunuliwa kwa ng'ombe wangu, kwa hiyo kwenye ukoo neno langu ndilo linalosimama. Deo akafurahi, akasema akimaliza kuweka mahindi ghalani atakuja na lori. Tukapanga Jumamosi. Jumamosi hii inayokuja.

Yustina sikumwambia.

Nilikuwa namwona kila siku akihangaika, na sikumwambia. Alikuwa ameingiwa na wazo la kutengeneza puli moja inayoweza kuwa kubwa na kuwa ndogo. Nilimcheka. Nilimwambia, "Mwanangu, hata mimba ina miezi tisa, wewe unataka chuma kinenepe kwa siku moja?"

Ya kwanza aliijenga kwa vipande vya chuma alivyovipanga kama vipande vya boga, kila kimoja na bolti yake ya kukisukuma nje. Ilipowashwa ilichechemea. Kipande kimoja kilitoka nje kidogo kuliko wenzake, gurudumu lote likaanza kutetema, mkanda ukaruka, na kile kipande kikachomoka kikatoboa bati la kibanda. Hakuna aliyeumia. Mimi nilitoka nje nikakaa chini kwenye vumbi.

"Utatuua," nilimwambia. "Acha."

Moyoni nilikuwa nasema, acha, maana unamtengenezea Deo.

Hakuacha. Usiku wa siku ile alikaa jikoni kwangu. Nilikuwa nabadilisha chungu kikubwa naweka kidogo, na chungu kidogo kikazama katikati ya mafiga mpaka kikagusa kuni. Nikamfokea, kwa sababu alikuwa karibu na mimi nilikuwa na hatia. "Unatazama nini? Sogeza mafiga! Yakiachana chungu kinazama, yakisogeleana kinapanda, hata hilo hujui?"

Akasogeza figa moja. Chungu kikapanda. Akalirudisha nyuma. Kikazama. Akalisogeza tena. Nikamwambia kama amemaliza kucheza, ugali unamngoja. Hakula. Alichukua kaa la moto lililozimika, akachora kwenye sakafu yangu niliyoipaka udongo juzi tu.

Alichokichora ndicho hiki. Sahani mbili za chuma, kila moja imenyooka kwa nje na ina mteremko kwa ndani, zinatazamana kama watu wanaotaka kunong'onezana. Mkanda unakaa katikati yao kwenye ile miteremko. Ukizisogeza sahani karibu, mkanda unabanwa, unapanda juu, unazunguka duara kubwa. Ukiziachanisha, mkanda unazama ndani, duara linakuwa dogo. Sahani moja imekazwa kwenye shafti, chuma kile cha injini kinachozunguka, nyingine inatembea na kufungwa kwa nati kubwa. Hakuna vipande vya kuruka.

Alikwenda Sumbawanga mjini mara mbili kwa fundi anayekereza vyuma. Mara ya kwanza fundi alimuuliza mume wake yuko wapi aje aeleze vizuri. Akamjibu, "Yuko makaburini, nenda kamuulize, mimi nitangoja hapa." Huyo ndiye mkwe wangu. Fundi akachukua vipimo, akakereza.

Kukawa na shida nyingine. Mkanda ukizama unalegea, na mkanda uliolegea unateleza na kunuka. Siku nne nyingine zilikwenda hapo. Mwishowe akatia kigurudumu kidogo chenye springi kinachousukuma mkanda kutoka chini, ukilegea kinaufuata. Mimi nilikuwa nahesabu siku za kufika Jumamosi na kujifanya nahesabu vifaranga.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kujaribu.

Kimea kilikuwa changu, madebe mawili, nimekiotesha upya kwa ajili ya msiba ule ule. Wanawake kama sita walikuja na vikapu vyao kutazama, wakisema wamekuja kuota moto, kana kwamba kibanda cha mashine kina moto. Yustina akashika spana, akainama kufungua ile nati. Na mimi, kwa mdomo wangu huu usiotulia, nikaona lazima niongoze.

"Sogeza karibu!" nikasema. "Tunataka polepole. Polepole ni karibu."

Akaniangalia. "Mama, karibu ni—"

"Sogeza."

Mbele ya watu hakutaka kunipinga. Akazisogeza karibu, akakaza, akawasha. Mashine ikapiga kelele kama imekanyagwa. Mkanda ulikuwa juu kabisa, kinu kinakimbia kuliko kinavyokimbia kwa mahindi. Kabla hatujaizima nusu debe ilikuwa imepita, na unga nilioushika uliniunguza kiganja. Ulinukia bisi.

Mimi. Mwenye mafiga. Mimi niliyemfokea mtu kwa hilo hilo.

Mama Skola, jirani yangu ambaye hajawahi kunionea huruma tangu tukiwa wasichana, akasema, "Bibi, leo chungu kimepanda mpaka darini." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Yustina hakucheka. Alifuta mikono kwa kanga, akaniambia taratibu, "Mama, sasa tufanye na ya kwangu."

Akafungua nati, akaziachanisha sahani, akakaza. Ilimchukua muda wa mtu kumenya viazi viwili. Akawasha. Injini ilikuwa inanguruma vile vile kwa nguvu zake zote, lakini kinu kilikuwa kinatembea, kinasema maneno yake moja moja. Nikamwaga kimea kwa mkono wangu. Unga ukaanza kushuka.

Nilitumbukiza ngumi ndani yake. Kisha nikaupaka shavuni, maana kiganja changu ni kigumu na kinaweza kudanganya, shavu halidanganyi.

Ulikuwa wa baridi.

Ulinukia majani mabichi na utamu kwa mbali, kama kimea kinavyotakiwa kunukia. Wanawake wakaanza kusukumana na vikapu vyao. Mama Skola akawa wa kwanza kwenye foleni, na hakusema neno lolote la kejeli, jambo ambalo kwake ni sala.

Baada yao kuondoka nilibaki kibandani na Yustina. Alikuwa anapaka grisi kwenye nati. Nikaona kama nisiposema pale pale nitakufa nalo.

Nikamwambia, "Mwanangu, mashine nilimpa Deo. Anakuja na lori Jumamosi. Nilisema kwa hasira, na nimenyamaza wiki tatu kwa woga."

Hakuinua kichwa. "Najua, mama."

"Unajuaje?"

"Shemeji alinipigia siku ile ile. Aliniambia nianze kukusanya spana zangu."

Nilikaa juu ya gunia. Nikamuuliza, "Na bado ukaenda mjini mara mbili? Ulikuwa unamtengenezea nani?"

Ndipo akaniangalia. "Kimea cha baba Agata kilikuwa hakijasagwa, mama. Nilitaka kwanza nimmalizie msiba wake vizuri. Mashine ingeenda baadaye."

Baba Agata ni Kristofa. Agata ni mtoto wao wa kwanza. Sijui kwa nini nawaeleza, ila nilipolisikia jina hilo nililia kwa sauti, mimi niliyedhani nimemaliza. Yeye akaendelea kupaka grisi. Kila mtu ana namna yake.

Mchana nilimpigia Deo. Nimeona nisiwafiche alivyosema.

"Mama, lori nimeshalipata."

"Njoo nalo. Nani amekukataza kuja kwenu?"

"Uliniahidi."

"Niliahidi kitu chenye mikono ya mwenzangu juu yake. Hiyo si ahadi, ni wizi wa mdomo. Mwizi ni mimi, si wewe."

 Akasema, "Sasa mimi watu niliowaambia niwaambie nini?" Nikasema, "Waambie mama yako ni mzee na mjinga. Hawatashangaa." Akakata simu.

Tangu hapo ninamwaza. Ni mwanangu naye. Hakuiba, hakunidanganya, alipewa na mama yake akapokea. Nimemvunja moyo kwa kosa lisilo lake, na huo ukweli hauwi mtamu kwa sababu upande wa pili nimetenda haki. Je, nilimpa mashine kwa sababu anaiweza, au kwa sababu ni wa kiume na mimi nilizoea kutafuta mwanaume wa kumkabidhi kitu? Ninajua jibu. Nimelijua tangu nilipokuwa namsifu Kristofa kwa kazi za mkewe.

Unga wa baridi nimeufunika na blanketi langu moja. Kesho alfajiri nakoroga.

Jumamosi lori litakuja. Nitampikia Deo kuku, na nina magunia yangu kumi na mawili ya mahindi ambayo akitaka akayauze Kasesya, apate cha kuwaambia wale watu wake. Lori halitarudi tupu. Lakini mashine haipandi, na ni mimi nitakayesimama mlangoni mwa kibanda niseme ni ya nani. Nitasema kwa sauti, na dereva naye asikie.