Sauti Iliyoniita Mara Moja

Bi Kazija, wewe unayewapa watu rai gazetini, assalamu alaykum. Nimesoma majibu yako kwa wengi, leo zamu yangu, nami nakuomba usinicheke mpaka umalize.

Mimi ni nahodha wa motaboti huku Wambaa, tajiri wetu anazo mbili za kuwatembeza wageni wanaokuja kuvua samaki wakubwa, moja naiendesha mimi na ya pili akiiendesha shemeji yangu Himid, mume wa dada yangu Mwanapili, na mwezi wa Rajab tajiri akatia simu ya upepo katika kila chombo, fundi akatoka Unguja akatufundisha, bonyeza useme, achia usikie, basi, akarudi zake. Siku ya tatu Himid akaenda peke yake Wete kuchukua wageni, mimi nimetia nanga hapa napangusa deki, na baada ya laasiri nikasikia mtamboni, "Matano," mara moja tu, kwa sauti kama inayotoka ndani ya mtungi, na sisi tumelelewa kuwa ukiitwa na usiyemwona usiitike mpaka jina lirudiwe mara tatu, kwani jini hafikishi tatu, basi nikanyamaza na kidole kiko juu ya kitufe, nikangoja la pili, halikuja, na Himid hakurudi.

Tulimtafuta siku tano, likapatikana pipa lake la mafuta karibu na Misali. Mwanapili akaniuliza, "N'ambie kweli, kaka, hakukwita?" Nikamwambia hakuniita. Leo ni siku ya ishirini na mbili, naye hajui akae eda au amngoje mumewe, kwa hiyo kila siku anampakulia chakula na kukifunika kawa.

Sasa hili ndilo linalonitia hofu, Bi Kazija: kila siku baada ya laasiri mtambo huniita. Mara moja. Nilidhani ni kasoro, nikasugua kutu kwenye vichwa vya betri, nikabadili zile taa za kioo za ndani kwa za akiba, nikakaza waya unaoshuka kwenye bamba la shaba majini, ukaniita vilevile, na jana nikaung'oa waya wa mlingotini unaonasa sauti, nikasema leo hausemi tena, na sauti ikaja safi kuliko siku zote, nikasikia hata maji yakipiga ubavu wa chombo, na hapa nilipo bahari ilikuwa shwari. Naogopa kuuzima na naogopa kuitika. Nifanye nini? Majina yote niliyoandika nimeyabadili.

Matano, Wambaa

JIBU

Wa alaykum salaam, Matano mwanangu. Sikukucheka. Nilikuonea huruma mpaka nilipofika kwenye habari ya dada yako, na hapo huruma ikanipungua.

Mafunzo ya wazee sina ugomvi nayo, lakini wao waliyasema kwa ajili ya mtu anayepita njia ya msituni, ambako anayekuita kwa haja yake atakuita tena. Mtu aliye taabani baharini huenda akapata neno moja tu, betri ikishalowa maji ya chumvi haimpi la pili. Siku ile hukujua, na Mungu anajua kuwa hukujua. Mwanapili alipokuuliza, ulijua.

Habari ya mtambo nimemwuliza fundi wa redio wa mtaani kwetu. Anasema bila waya wa mlingotini unamsikia aliye karibu mno tu. Nilipomwambia kuwa mtu amepotea siku ishirini na mbili, akaniuliza ni betri gani hiyo inayodumu siku zote hizo, kisha akainama kwenye kazi yake. Mimi sina zaidi ya hapo, wala sitajifanya ninalo.

Basi sikiliza. Rudisha waya mahali pake. Mwambie Mwanapili leo hii siku na saa uliyoitwa, na kwamba ulimficha. Akishalia na kukutukana, na atakutukana, mchukueni mtu mzima mmoja awe shahidi, mwende chomboni laasiri, na sauti ikija bonyeza uitike, umwulize yuko wapi. Akitaja mahali, nendeni na kila chombo kinachoelea. Kusipokuwa na jibu, nenda kwa kadhi utoe ushahidi wa siku ile ya kwanza, maana hakuna mwingine aliyemsikia, na bila neno lako dada yako si mke wala si mjane.

Tena usikawie. Majina umeyabadili, lakini Pemba nzima ina motaboti ngapi zenye simu ya upepo? Gazeti hili litafika huko kwa meli ya Ijumaa. Nakala yako nimeitanguliza kwa posta, kwa anwani ya nyuma ya bahasha yako, ili dada yako asije akasomewa na jirani.

Najua unachokiogopa. Unaogopa kuwa ukiitika, sauti itakuuliza kwa nini ulinyamaza. Hiyo iache. Mwenye haki ya kukuuliza ni Mwanapili, naye yu hai.