Kifusi Juu ya Kibanja Chetu

Ijumaa, 4 Oktoba 1974

Katapila limefika. Mwalimu alituruhusu kutoka darasani tukaliangalie likipanda kutoka barabara ya Muleba. La njano, na refu kuliko nyumba yetu. Dereva wake ni Mzee Uledi, mtu wa Bukoba mjini. Amekuja kusawazisha rweya, lile eneo la majani matupu lililo juu ya kibanja chetu, shamba la migomba tunamoishi, ili kijiji kipya kijengwe huko. Viwanja vimekwisha kupimwa, vigingi vimenyooka mistari miwili. Cha kwetu kiko karibu na shule. Tata, baba yangu, anasema nyumba itakuwa ya bati, yenye madirisha ya kufungua. Nimeomba chumba chenye dirisha, nipate mwanga wa kusomea. Hakukataa.

Bibi hataki kuhama. Babu amezikwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na Mama yupo pembeni yake. Bibi anasema mtu hawaachi watu wake akaenda kulala mahali pasipo na mtu.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nilidhani katapila linaugandamiza mlima mpaka unakuwa sawa. Sivyo. Linakata upande wa juu, kisha linasukuma udongo upande wa chini. Nilimwambia Mzee Uledi nilivyodhani, akacheka. "Udongo hauliwi, mwanangu. Ukiutoa hapa, lazima uuweke pale."

Pale ni kwetu.

Jioni alikuja Mwenyekiti, Ndugu Kagaruki. Akaeleza kwamba udongo utatandazwa juu ya ukingo wa kibanja chetu na kushindiliwa, uwe mteremko wa taratibu. Tutapoteza mibuni na migomba ya mstari wa juu tu. Tata aliinamisha kichwa, akakubali. Bibi akamwuliza Mwenyekiti kama anakumbuka ni nani aliyempokea siku aliyozaliwa.

"Ni wewe, waitu, mama yetu. Lakini hii ni kazi ya taifa."

"Basi mwambie hilo taifa lije linisalimie kwanza."

Nilitaka kucheka. Tata alinitazama, nikaacha.

Jumatano, 9 Oktoba

Niliporudi shule nilimkuta Bibi na panga na mzigo wa matawi ya omulamula. Kwetu huo ndio mti wa mpaka. Ukipandwa, ugomvi umekwisha, na anayeung'oa anajitafutia laana. Tulipanda mstari mzima juu ya kibanja, yeye akichimba, mimi nikishindilia kwa kisigino. Kwa kila tawi alitaja jina la mtu wetu aliyekufa. Tawi la Mama aliniachia nilipande mwenyewe.

Shuleni tumefundishwa kwamba ardhi ni ya wote. Hilo naliamini. Lakini tawi la Mama nililishindilia sana.

Alhamisi, 10 Oktoba

Tumeshinda — sijui niandikeje vingine.

Katapila lilishuka na udongo mbele yake, likasimama kwenye omulamula. Watu walikuwa wengi. Mzee Uledi akachungulia, akasema hivi ni vijiti tu, apite? Mwenyekiti aliwatazama watu, nao wakamtazama yeye. Jirani yetu Privatus akasema kutoka nyuma, "Ng'oa wewe mwenyewe, Mwenyekiti, sisi tukuone." Watu wakacheka. Mwenyekiti naye ni Mhaya kama sisi. Hakugusa hata jani.

Mwisho akaamuru udongo umwagwe hapo hapo juu, miti isiguswe. Mzee Uledi alilalamika kwamba kifusi kikirundikwa hivyo hakikai, kinataka kutandazwa na kushindiliwa. Akaambiwa wageni wa mkoa wanakuja Jumamosi, amwage. Akamwaga mpaka jioni.

Bibi alicheza ngoma uani bila ngoma. Privatus alileta rubisi, pombe ya ndizi. Hata Tata alikunywa, naye alikuwa amekwisha kukubali kupoteza mibuni.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wageni wamekuja na kuondoka. Tuliwaimbia. Viwanja vinapendeza kweli. Niliweka chungwa chini, likatulia. Kwetu chungwa likianguka unalifuata mpaka mtoni. Nilisimama mahali chumba changu kitakapokuwa.

Nikienda ukingoni sioni nyumba yetu. Naona kifusi tu, na moshi wa Bibi ukitokea nyuma yake.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua, siku ya tatu. Maji yanayoshuka kibanjani ni mekundu. Majani makavu aliyotandaza Bibi chini ya migomba yamefunikwa na tope. Bibi anasema ni mvua tu. Tata kila saa anatoka kuangalia juu.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Baada ya misa tulikwenda kusafisha makaburi. Tope limefika kwenye msalaba wa Mama. Nilichota kwa mikono, likarudi.

Juu ya kifusi kuna ufa. Niliingiza mkono, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Tata aliponiona alinivuta kwa nguvu, hajawahi kunivuta hivyo.

Alikwenda kwa Mwenyekiti kuomba katapila lirudi. Nilimfuata. Katapila liko mbali, ng'ambo ya Muleba, na dizeli hakuna. Kisha Mwenyekiti akasema, "Mama yako ndiye aliyeweka mpaka, Ishengoma. Auambie umsaidie." Tata alisema asante. Sielewi kwa nini alisema asante.

Jumapili, 3 Novemba

Tata anataka watu waje na majembe wakitandaze kifusi kidogo kidogo, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Privatus anasema wako tayari, lakini hakuna atakayepita kwenye omulamula. Si yeye, si mwingine. Tata alimwomba Bibi aing'oe miti. Bibi akala. Akaosha sahani yake. Akalala.

Nilisali rozari yote.

Jumatatu, 4 Novemba

Bibi ameing'oa mwenyewe. Alitoka alfajiri, mvua inanyesha. Mingine ilikuwa imekwisha kushika mizizi. Nilipotaka kumsaidia alinizuia: "Wewe bado una siku nyingi za kuishi." Kila tawi alilitaja kwa jina tena, akalilaza chini. La Mama pia. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua haijakatika tangu asubuhi. Wanaume wamekuja, hata Mwenyekiti, na jembe lake begani. Hakuna aliyemtania. Udongo ni mzito, unanata kwenye majembe, na wanachotandaza kinateleza tena. Ufa umepanuka.

Tata amenileta huku kwenye kiwanja chetu kipya pamoja na mbuzi na magodoro, chini ya kibanda cha nyasi. Hapa ni pakavu, pametulia. Bibi amekataa kutoka. Anasema amewatoa watu wake mpakani, hawezi kuwaacha na kwenye makaburi yao. Tata amerudi kumbeba, atake asitake. Amesema nisitoke hapa mpaka aniite.

Kutoka hapa siwaoni. Nasikia majembe tu, na Privatus akihesabu ili wainue pamoja. Nimekuwa nikihesabu naye huku naandika. Labda mvua itapungua kabla ya saa kumi. Upande wa ziwa kumeanza kuwa kweupe kidogo.

Kishindo. Si radi — kimetoka huko chini, upande wa kwetu.

Majembe yamenyamaza. Privatus hahesabu. Mbuzi wote wamesimama.

Tata hajaniita bado.