Mwalimu, Programu Imekataa Jina la Ghati

Mwalimu Nyamhanga,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Tulikuzika kwenu Machochwe, na huku Tarime mchwa wameingia kwenye kabati lako la rejista za ubatizo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyoripoti kazini.

Kamati ya parokia imenipa kazi ya kuchagua programu ya kompyuta ya kutunzia rejista ulizoziandika ukiwa katekista wetu. Tulizijaribu mbili. Ya kwanza haifunguki intaneti ikikatika, na hapa inakatika kila siku. Ya pili inafunguka, ila haikubali jina la mwanamke kwenye nafasi ya baba.

Wewe uliwaandika watoto wa nyumba ntobhu, ambao mama yao aliolewa na mwanamke mwenzake, kwa jina la huyo aliyemuoa. Paroko alipokuuliza, ulimjibu mbele yangu: "Padre, ng'ombe wa mahari walitoka zizi la nani? Basi huyo ndiye baba." Ukacheka peke yako.

Kijana wa kompyuta kutoka Mwanza aliingiza kitabu kimoja cha majaribio. Kila alipokwama aliandika "Hajulikani." Nami nimo, Mwalimu. Baba: Hajulikani. Ghati, mwanamke aliyemuoa mama yangu na kunisomesha kwa maziwa ya ng'ombe wake, hayumo. Nilipomwonyesha, alisema, "Mzee wangu, mfumo hautambui baba mwanamke. Tusonge mbele." Wiki iliyofuata tulikuta kitabu chenyewe kimeliwa hadi kwenye jalada. Nimeripoti vifusi vya machimboni na maiti zilizofukiwa humo. Siku hiyo sikuandika hata mstari mmoja.

Majina ya kitabu kile uliyajua wewe peke yako, kwa kichwa. Hatukukuuliza. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza, sikukuuliza.

Kamati inasaini Ijumaa. Nikisaini, watoto wote wa namna yangu watabaki na baba "Hajulikani." Nisiposaini, mvua zimeanza, na mchwa hawasubiri kikao.

Jana nilivibeba vitabu vilivyobaki hadi kwangu Bomani, kwenye masanduku ya bati. Mwenyekiti wa kamati amepiga simu: "Huo ni wizi, ndugu mwandishi."

Kwaheri, Mwalimu. Sitasaini. Nitapita nyumba kwa nyumba kuwauliza waliokuwa kwenye kitabu kilicholiwa, na kila jina nitakalopata nitaliandika kwa wino. Wengi wa kunijibu wamekwisha kufa. Hata hivyo nitapita.

Wako,
Mwita wa Ghati