Shangazi, Wamemkalisha Mtu Mwingine Kwenye Kiti Chako

Shangazi yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Nimeajiriwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali ulilokuwa ukiniuliza kila nikija Chang'ombe, kabla hata sijavua viatu: "Baba, lini utaajiriwa kama watu?" Basi nimeajiriwa kama watu. Nina meza, nina kiyoyozi kinachonikausha koo, nina kitambulisho cha kuvaa shingoni chenye picha ambayo ungesema nimepigwa siku niliyofiwa. Na kweli nilikuwa nimefiwa. Ulikuwa hujamaliza hata arobaini.

Kazi yenyewe ni ile ile uliyoizoea, kutengeneza video za mtandaoni, ila sasa mie ndiye mkuu wa kitengo kwenye kituo kile cha Tegeta kilichochukua kipindi chetu. Nilitaka habari hii uisikie kwangu. Ipo na nyingine, na hiyo sijui niilete vipi. Acha kwanza nikukumbushe tulivyoanza, maana siku hizi kila mtu pale ofisini anasimulia mwanzo wetu, na wote wanakosea.

Wanasema tulikuwa na wazo. Wazo gani? Tulianza kwa sababu umeme ulikatika. Studio niliyokuwa nahariria video za harusi kule Buguruni ilikuwa giza, nikabeba kompyuta nikaja kwako. Ulikuwa sebuleni na cherehani yako, unashona sare za shule. Nikawa naangalia klipu ya msanii mmoja wa bongo fleva ili nijifunze walivyounganisha picha. Msanii analia kando ya bwawa la kuogelea, kaachwa na mpenzi, na nyuma yake kumepangwa magari meupe yanang'aa. Ulisimamisha mguu kwenye cherehani ukatazama kidogo.

"Huyu kaachwa, au kauza kiwanja?"

Nilicheka mpaka nikafunga kompyuta. Wewe hata hukutabasamu. Ukaendelea, "Mtu aliyeachwa hasimami hivyo, baba. Aliyeachwa anakaa chini popote, hata juu ya ndala za watu." Nikakuomba uyarudie, nikatoa simu. Ukaniangalia juu ya miwani yako iliyofungwa kwa uzi: "Unanichukua na kilemba hiki?" Ukaenda kubadilisha kilemba. Ukarudi, ukakaa kwenye kiti kile cha mbao chenye mto wa kitenge, na hapo ndipo kilipozaliwa "Shangazi Kasemaje?"

Watu walidhani nakuandikia. Mie nilikuwa nabonyeza tu kitufe. Nani angeweza kuandika maneno yale? Siku nilipokusikilizisha singeli, ule muziki wa mbio, kwa mara ya kwanza ulishika kifua. "Huyu kijana anakimbizwa na nani?" Halafu ukaniambia nirudie. Ukasikiliza tena, kichwa umeinamisha, ukasema, "Lakini maneno yake yamenyooka. Mwacheni akimbie." Kijana mwenyewe aliiona ile video, akaja Chang'ombe na wenzake kukuamkia, ukawalisha muhogo wa nazi wote, na mmoja ukamshonea suruali iliyochanika.

Filamu ndizo zilizokuwa zinakuua. Tajiri anashuka ngazi, anapanda ngazi, anashuka tena: "Nyumba yote hiyo haina kiti?" Mgonjwa kalazwa na dripu mkononi: "Yu mahututi, lakini wanja umemkaa sawasawa. Nani kampaka, nesi?" Watu walikuwa wanatuma sauti zako kwenye makundi ya familia. Nilikuwa nakaa kwa kinyozi namsikia mtu asiyenijua anacheka maneno yaliyosemwa sebuleni kwetu.

Lakini kuna jambo moja wengi hawakuliona, na mie mwenyewe nilichelewa kuliona. Kuna binti mmoja mwimbaji alikuwa anasakamwa mitandaoni kwa unene wake. Nikakuletea klipu yake, nikijua siku hiyo tutapata watazamaji. Uliiangalia mpaka mwisho. Ukaongea juu ya kiitikio, kwamba kimeanza vizuri kikachoka njiani, basi. Nikasubiri. Nikakuuliza, "Na yeye mwenyewe je?" Ukavuta uzi ukaukata kwa meno.

"Sura kapewa. Wimbo kautunga. Mie nasema alichotunga."

Kituo kilipotutaka, alikuja bosi mwenyewe, dada Neema, mtoto wa Moshi, akavua viatu mlangoni na akala wali na sisi mkekani. Ulimpenda. Alipokueleza kwamba jina la kipindi litakuwa la kituo, ulicheka ukapiga goti kwa kiganja. "Jina gani hilo la kuandikishana? Shangazi kila mtu anaye. Chukueni." Ukaweka sahihi yako ile ya darasa la saba, pole pole, herufi moja moja. Mie nilikuwa karibu yako nakupiga picha. Sote tulikuwa tunacheka.

Halafu mkasi ukakudondoka.

Mwajuma binti yako ndiye aliyekuwepo. Anasema uliinama kuuokota, mkono ukakataa, ukamtazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu cha kawaida tu, na neno halikutoka. Nilipofika hospitali ulikuwa upande wa kulia wote umelala. Daktari alisema kiharusi kimeshika na mahali pa maneno. Nilimuuliza yatarudi? Akasema kwa wengine hurudi. Alikuwa kijana, na alikuwa na haraka, wala simlaumu.

Yako hayakurudi. Lilirudi moja. "Hapana." Hilo ndilo lililobaki kwenye ghala lote lile, shangazi. Unaletewa chai, unasema hapana huku mkono wa kushoto unavuta kikombe. Anakuja jirani kukujulia hali, unamwambia hapana kwa sauti ya kumkaribisha. Mwajuma akajifunza kuzitofautisha: ipo hapana ya nipe, ipo hapana ya ondoa, ipo hapana ya asante. Na ipo ile uliyoitoa jioni moja peke yako, ukitazama ukuta, ambayo wote wawili tulijifanya hatujaisikia.

Unakumbuka nilikuwekea klipu mpya kwenye simu? Nilidhani nakufurahisha. Msanii yuko jangwani kavaa koti la manyoya. Uliangalia, nikaona macho yako yanafanya kazi yake ya zamani, mdomo ukafunguka, na nikajua neno lipo, lipo pale pale, zuri kuliko yote uliyowahi kusema. Likatoka: "Hapana." Nikacheka. Nawe ukacheka, kwa upande mmoja wa uso. Tulicheka sana. Halafu ukaanza kulia, na mie nikawa nimeshika simu, sijui niizime au niiache, msanii bado anaimba.

Nimekuwa mtu wa video miaka yote hii na sijawahi kujiona sina kazi duniani kama saa ile.

Tukakuzika. Ulishuhudia mwenyewe, nadhani, jinsi mtaa ulivyojaa. Hata wale vijana wa singeli walikuja, wakabeba jeneza kwa zamu, hakuna aliyekimbia. Kituo kiliweka picha yako na maneno ya pole. Nami nikapewa cheo, na kiyoyozi, na kazi ya kwanza.

Ndiyo hiyo habari nyingine. Kazi ya kwanza ilikuwa kumrudisha Shangazi.

Dada Neema aliniita ofisini akafunga mlango. Si mtu mbaya, shangazi, ningekuwa na nafuu angekuwa mbaya. Alikuwa na machozi ya kweli. "Watu wanaulizia kipindi kila siku," alisema. "Tutamtafuta msichana wa maigizo ya jukwaani, tumvalishe. Hatutasema ni yeye. Ni Shangazi tu."

"Shangazi alikuwa mtu, dada."

"Najua, mdogo wangu. Lakini si alisema mwenyewe kila mtu anaye?"

Ungenijibia wewe. Mie nilitafuta jibu kwenye ngazi, kwenye geti, mpaka kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo, na mpaka leo sijalipata.

Nilifikiria kuacha. Halafu nikafikiria kwamba nikiacha, kipindi kitaendelea na mtu mwingine nyuma ya kamera, mtu asiyejua hata kwamba miwani yako ilifungwa uzi wa bluu kwa sababu ndio uliokuwepo mashineni siku ile. Nikabaki, nikijiambia nitakulinda.

Msichana anaitwa Jesca. Ana adabu, ananiita kaka. Walimfunga mito kiunoni, wakamvalisha kilemba, wakampa miwani yenye uzi, na kiti kimetengenezwa kipya kikachubuliwa ili kionekane cha zamani. Kabla hatujaanza alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, alikuwa anachekaje?"

Nikafungua mdomo nimwonyeshe. Sikuweza. Si kwamba nilikuwa nalia. Nilijaribu kukitafuta kicheko chako kichwani na hakikuwepo, kilikuwepo kile cha upande mmoja tu. Nikamwambia aangalie video za zamani. "Nimeziangalia zote," akasema. "Pale mnapocheka, picha inatikisika, sauti yako wewe inamfunika."

Maneno ya kusema aliandikiwa na vijana wa kituo. Kwenye kipindi cha kwanza walimleta binti yule yule mwimbaji, ana wimbo mpya, na wakaandika mzaha juu ya kiuno chake. Nikasema hapana, Shangazi hasemi sura. Wakanitazama kwa heshima, mie si bosi wao? Nikamweleza dada Neema ile habari ya kupewa na kutunga. Akaandika pembeni, akasema, "Imekaa vizuri hiyo, tutaitumia siku nyingine." Mzaha ukabaki. Jesca aliusema huku ananiangalia mie badala ya kamera, tukarudia, mara ya pili akaangalia kamera. Niliyesema "sawa, imetoka" ni mie.

Nilikuwa na tumaini moja limebaki: Mwajuma. Nilijua akikasirika, akija pale Tegeta akapiga kelele kama binti wa marehemu, nitasimama nyuma yake na tutashinda. Nikaenda Chang'ombe Jumapili, nikamkuta anaosha vyombo uani, simu kaiegemeza kwenye ndoo. Anamwangalia Jesca.

"Umeona?" nikamwambia.

"Naonaga kila kikitoka."

"Na hukasiriki?"

Alisuuza sahani mbili tatu. "Nikikaa mbali hivi, na maji yakiwa yanamwagika, simsikii vizuri anasema nini. Nakiona kilemba tu. Mwache, kaka. Mie nilikuwa sina pa kumwona."

Nikachukua kitambaa nikamsaidia kukausha.

Huku kwingine mambo ni mengi na sina wa kumsimulia. Nyimbo zimekuwa fupi. Ukienda kutia chumvi mchuzi, ukirudi wimbo umekwisha. Wanaanza kutengeneza kipande cha watu kuchezea kwenye simu, halafu ndipo wanakitafutia wimbo wa kukizungushia. Filamu siku hizi zina ndege ndogo ya kupigia picha, kwa hiyo tajiri wetu sasa tunamwona akipanda ngazi kutokea juu. Nikiona kitu najaribu kukisia ungesema nini. Nakisia, na inatoka ya kawaida, inatoka kama ya wale vijana. Nilidhani nakujua kwa ndani. Kumbe nilikuwa nimekuzoea tu.

Na hili la leo ndilo lililonifanya nikae niandike, tena hadharani, kwenye ukurasa wangu mwenyewe ambao hausomwi na wengi.

Kituo kinataka ukurasa wa kipindi ujibu kila anayeandika, na ujibu kama Shangazi. Ilikuwa saa ya chakula, wenzangu wameteremka kula, mie nikabaki mezani nashughulikia maoni. Wengi wanacheka. Wengine wanasema si yeye huyu, rudisheni wa zamani, na hao kituo hakitaki tuwajibu. Halafu nikamkuta mama mmoja, bila picha, kaandika bila nukta wala mkato:

"shikamoo shangazi jamani mungu mkubwa tulisikia unaumwa mie nilikuombea kila swala sikujua kama umepona leo nimekuona nimelia kwa furaha usituache tena"

Niliandika: Mama, Shangazi alifariki. Nikafuta. Niliandika: Mama, huyu si yeye. Nikafuta. Nikamfikiria ameshika simu yake huko aliko, uso umelowa, anangojea. Chini ya ukurasa palikuwa na jina la kipindi na picha ya kilemba, na vidole vilikuwa vyangu.

Nikamjibu, "Marahaba, mwanangu."

Akajibu papo hapo kwa mioyo mingi myekundu.

Mungu akupe mapumziko mema huko, shangazi. Hapa mie sijui nifanye nini, na wa kuniambia ungekuwa wewe.

Mtoto wa kaka yako